Baridi ya Upande wa Jua

Katika bonde letu la Jeolgol hakuna mtu aliyewahi kuonewa wivu kwa bidii kama Gan-nan. Na aliyekuwa akimwonea hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa wifi yake, Bok-sun, mzee wa kanisa, mwanamke ambaye hakuwa amekosa sala ya alfajiri tangu mwanawe aanze shule. Wivu wenyewe haukuwa wa msimu. Aliamka nao, akala nao, akalala nao.

Kati ya nyumba zao kuna kijito ambacho mbwa anakiruka bila kukimbia. Upande huu ni vichanja vya Bok-sun vya kukaushia samaki, nguzo na fito zilizopangwa juu kwa juu. Upande ule ni vya Gan-nan, vya namna hiyo hiyo. Samaki waliletwa na lori moja kutoka bandarini, wakaoshwa kwa maji ya kijito kimoja, wakafungwa wawili wawili kwa vichwa na kutundikwa baridi inapokaza. Baada ya hapo binadamu hana kazi tena. Usiku samaki wanaganda wanakuwa kama kuni. Mchana jua linawalegeza kidogo. Usiku wanaganda tena, na hivyo hivyo mpaka theluji iyeyuke, na nyama inavimba, inalainika, inageuka rangi ya dhahabu. Joto likizidi wanakuwa weusi. Baridi ikizidi bila kulegea wanatoka weupe, wagumu kama ubao. Weusi na weupe wote huishia kwenye supu za stendi, ambako watu wanakula huku wanaangalia saa.

Misimu mitatu mfululizo Bok-sun alitoa weusi. Misimu hiyo hiyo mitatu Gan-nan alitoa dhahabu.

"Mungu mmoja, theluji moja, lori moja," Bok-sun alimwambia mwanawe Gi-cheol huku akikatakata figili kwa hasira. "Mimi namwamkia Mungu nyota ziko juu. Shangazi yako anaamka jua limeshamwingia puani. Jumapili anakoroma mahubiri yote, akitoka anakunywa pombe ya mchele. Sasa niambie, kuna haki hapo?"

"Mama, ni kivuli tu. Upande wake una kivuli."

"Kivuli! Tangu lini kivuli kikasali?"

Gi-cheol alichukua figili nyingine akaimenya. Mtu anayeishi na mama mwenye roho ya kwa nini hujifunza kunyamaza mapema.

Lakini habari ya kivuli ilikuwa kweli, na Bok-sun aliijua kuliko mtu yeyote. Mzee Do, baba yake Gan-nan, ndiye aliyegawa ardhi ile. Upande wa jua alimpa mwanawe wa kiume, Sang-gu, mume wa Bok-sun. Upande wa kivuli, unaojificha nyuma ya mlima mpaka adhuhuri, alimpa Gan-nan, ambaye alikuwa amerudi nyumbani mjane, bintiye Mi-ran mgongoni. Enzi hizo baridi ilikuwa baridi kweli. Upande wa jua ulitoa dhahabu kila mwaka na upande wa kivuli ulitoa samaki weupe kama karatasi. Gan-nan alikuwa akisimama ukingoni mwa kijito akitazama vichanja vya wifi yake bila kusema neno. Miaka hiyo yote Bok-sun hakumuuliza Mungu swali hata moja. Aliona anapata haki yake, mtu wa kuamka alfajiri.

Kisha majira yakageuka. Hakuna aliyetangaza. Baridi ilianza kuchelewa, mvua ikaanza kunyesha katika mwezi ambao zamani hata nguo iliyoanikwa ilisimama yenyewe. Jua lililokuwa neema likawa balaa, na kivuli alichotupiwa binti kikawa mali. Sang-gu alifariki katikati ya mageuzi hayo, akimwachia mkewe vichanja na mwana mmoja.

Mwana huyo sasa alikuwa amechoka. Siku waliyosimika nguzo alisema kile alichokuwa amekibeba moyoni tangu kiangazi.

"Mama, yule jamaa wa mjini alikuja tena. Anataka kiwanja hiki ajenge nyumba za wageni. Za madirisha makubwa, watu wakae ndani watazame theluji."

"Watazame theluji? Theluji ni kitu cha kulipia kutazama?"

"Nimemwambia asubiri mpaka masika. Samaki wakitoka dhahabu, hatuuzi, na mimi sitalitaja tena. Wakitoka weusi tena, Mama, tuache. Mgongo wangu si wa baba."

Bok-sun alizitazama nguzo, ambazo baadhi bado zilikuwa na alama za shoka la Sang-gu, kisha akatazama ng'ambo, ambako Gan-nan alikuwa akicheka na vibarua wake. Kicheko kile kilimkata maini. Yeye anaweza kupoteza kila kitu, na mwenzake anacheka!

Siku ya kutundika, wanawake wa bonde walikaa kando ya kijito wakifunga samaki. Gan-nan alikuwa na mdomo usiofungwa hata kwa kamba ya nailoni.

"Mama Gi-cheol!" akaita kutoka ng'ambo. "Mbona unawafunga kama umekamata wezi? Walegeze kidogo wapumue!"

"Funga wako, Mama Mi-ran. Wangu niachie."

"Haya! Na sala zote hizo, ulimi bado una chumvi!"

Wanawake wakaangua kicheko. Bok-sun naye akacheka, kicheko cha meno, huku moyoni akiwahesabia wote waliocheka.

Tangu siku hiyo akaongeza muda wa sala. Kanisani kwetu alfajiri watu husali kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mtu na lake, mpaka madirisha yanatetemeka na hakuna anayemsikia jirani yake. Ni mahali pazuri pa kumwambia Mungu mambo ambayo mchungaji asingependa kuyasikia. Bok-sun alipiga magoti akasema, "Bwana, leta baridi." Halafu akasema, "Ilete upande wetu." Halafu, kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi, akasema kile hasa alichokijia: "Na yule, Bwana, mwaka huu mmoja tu, aonje."

Akatulia hapo. Hata yeye, na hasira zake zote, alijua upepo haukatwi kama kitambaa. Mvua ikimnyeshea Gan-nan itamnyeshea na yeye. Alirudi nyumbani amekasirika na jiografia.

Kabla baridi haijakomaa, Gan-nan aliteleza kwenye barafu mlangoni pake akaumia nyonga. Bonde zima lilipeleka chakula, na Bok-sun akapeleka uji wa maboga, maana mzee wa kanisa asipokwenda kumwona mgonjwa watu watasema. Alimkuta wifi amelala pale sakafu inapopata moto wa jiko unaopita chini yake, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, uso umenawiri kabisa.

"Umekuja kuona kama nakufa?" Gan-nan aliuliza.

"Nimekuja na uji. Ukitaka kufa, kula kwanza."

"Una sukari?"

"Una chumvi."

"Basi sifi leo. Lete."

Bok-sun akageuka kutafuta kijiko. Nyuma ya mlango wa stoo, chini ya koti kuukuu, akaona kitu kinaning'inia. Akalisogeza koti kidogo. Alikuwa samaki mkavu, wa zamani, rangi yake imeingia hudhurungi, amezungushwa uzi mweupe kiunoni, tena na tena. Bok-sun hakuhitaji kuelezwa. Bibi zetu wote walitundika samaki wa namna ile mlangoni ili bahati isitoke na mabaya yasiingie. Kanisa lilipoingia bondeni lilikataza, na samaki hao walichomwa hadharani, Bok-sun akiwa msichana aliyebeba kiberiti.

Basi ndiyo siri! Alikasirika kwamba wifi anamwendea Mungu kwa mlango wa uani, na papo hapo alifurahi, furaha tamu ya mtu aliyemkamata mwenzake. Alikula njama njia nzima ya kurudi: atamwambia Mchungaji Eom, Jumapili, mbele ya wote.

Hakumwambia. Ilipofika Jumapili alikuwa ameshatafakari mambo mengine. Wifi ana samaki mwenye uzi, wifi anapata dhahabu. Yeye ana sala peke yake, anapata weusi. Mchana mmoja, Gi-cheol akiwa ameenda mjini kununua dizeli, Bok-sun aliingia stoo yake, akachukua samaki mmoja aliyebaki msimu uliopita, akamfunga uzi mweupe wa kushonea mashuka, akamtundika nyuma ya magunia ya soya. Akasema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu amemuuliza, "Ni samaki tu."

Siku iliyofuata baridi ikaja.

Ilikuja baridi ya zamani, ya kuuma masikio. Usiku vichanja vililia kwa kuganda. Mchana jua likagusa kidogo na kuondoka. Kila asubuhi Bok-sun alipita katikati ya safu, akimbonyeza huyu, akimnusa yule. Wiki hadi wiki wakaanza kuvimba. Chini ya ngozi rangi ikaanza kuingia, njano hafifu, kisha njano ya kweli. Gi-cheol alianza kupiga mluzi. Bok-sun angefurahi naye, lakini kila alipofungua kitabu cha nyimbo alikifunga tena. Alijua ni nani, au ni nini, anachopaswa kukishukuru, na kilikuwa nyuma ya magunia.

Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi ulipokaribia, hewa ikalegea. Kwanza ilikuwa ukungu. Kisha paa zikaanza kudondosha maji mchana kutwa, na usiku hayakuacha. Simu ya Gi-cheol ikalia tangazo la hali ya hewa: mvua, na joto la kushangaza. Bok-sun akatoka nje akapokea hewa usoni, laini kama pumzi ya ng'ombe, akajua. Samaki wake walikuwa wamefika nusu ya njia, na nusu ya njia ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Mvua ikiwaingia sasa, watageuka weusi wote. Upande wa kivuli wangevumilia siku mbili tatu zaidi. Upande wa jua usingevumilia.

Akaingia stoo mbio, akamng'oa yule samaki wa uzi, akamtupa juu ya magunia. "Umeniadhibu," akamwambia Mungu. "Sawa. Lakini yeye je? Yeye kamtundika miaka yote, mbona hukumwadhibu?" Hata toba ya Bok-sun ilikuwa na wivu ndani yake.

Vibarua wao walikuwa wamekwenda makwao kwa sikukuu. Yeye na Gi-cheol walianza kuburuta maturubai, na kwa idadi ile ya safu ilikuwa kama kujaribu kufunika kijiji kwa leso. Ndipo wakasikia mtu anatukana fimbo yake. Gan-nan alikuwa anavuka kijito, nyonga mbovu, nyuma yake wajukuu watatu wa jirani zake na mkokoteni umejaa maturubai yake mwenyewe.

"Mama Mi-ran, na wako?" Gi-cheol alisahau hata kumwita shangazi.

"Wangu wako kivulini, hawana haraka. Hawa wenu ndio wa kuoza. Haya, shika huku! Wewe, panda! Mama Gi-cheol, acha kunitolea macho, kamba ziko wapi?"

Bok-sun alimtazama akifikiri jambo moja tu: amekuja kushuhudia. Amekuja aone kwa macho yake samaki wangu wanavyoharibika, kesho awe na la kusimulia. Alipoulizwa kamba mara ya pili akajibu kwa ukali, "Stoo," na hapo hapo akakumbuka kilichokuwa stoo. Alikimbia. Lakini hata mwenye nyonga mbovu alimtangulia, maana mlango ulikuwa karibu naye.

Kicheko kilichotoka stoo kiliwasimamisha watoto juu ya vichanja.

"Loo! Loo, mzee wa kanisa!" Gan-nan akatokea mlangoni amemshika samaki kwa mkia, uzi unaning'inia. "Huyu naye kaja kusali?"

"Nirudishie."

"Na uzi wa mashuka! Hata uzi wa maana hukutafuta!"

"Nimejifunza kwako!" Bok-sun alipaza sauti, na machozi yakamtoka kwa hasira. "Nimemwona wako, nyuma ya koti! Ndio maana unapata kila mwaka. Mimi nakesha kwa magoti, wewe unatundika samaki na kulala. Usinicheke, Gan-nan. Mwanangu atauza kiwanja hiki. Usinicheke."

Gan-nan akaacha kucheka. Akaketi juu ya gunia la soya, akamlaza samaki mapajani.

"Wangu?" akasema. "Yule si wangu. Yule ni wako."

"Wangu vipi?"

"Nilimwiba kwako. Mwaka ule kaka alipojenga ile safu ya juu, unakumbuka, vichanja vyako viling'aa mpaka watu walikuja kupiga picha. Mimi nilikuwa na weupe watupu, na Mi-ran anataka viatu. Nilikuonea wivu, wifi, mpaka chakula kilinishinda. Nikasema, huyu mwanamke anaamka alfajiri, samaki wake wamesaliwa. Mimi kuamka siwezi, nikiamka alfajiri naumwa kichwa. Basi nikaja ukiwa kanisani, nikachukua mmoja. Nikamfunga uzi kama mama yangu alivyokuwa akifanya. Nikasema, acha sala zake zifike na kwangu, hata makombo."

Nje Gi-cheol alikuwa akiita kamba. Hakuna aliyemsikia.

Bok-sun akasema jambo ambalo mimi ninayesimulia nimelicheka mara nyingi. "Kwa hiyo ni wewe. Ni wewe uliyeniibia baraka zangu!"

"Labda."

"Tangu mwaka ule mambo yamegeuka!"

"Hayakugeuka mwaka ule, yaligeuka baadaye. Lakini kama unataka, ni mimi."

"Mrudishe."

"Nitamrudisha kesho. Na nitakuja naye mwenyewe huko kanisani kwenu, nimwambie Mwenye mali. Alfajiri hiyo hiyo yenu. Nipe kamba sasa, mvua hiyo."

Walifunika mpaka vidole vikafa ganzi. Maturubai ya Gan-nan yalitosha safu zote za juu za Bok-sun. Safu za Gan-nan mwenyewe zilibaki wazi, na mvua ilipoanza ilizinyeshea.

Alfajiri iliyofuata ilikuwa bado inanyesha, mvua ya uvuguvugu isiyo na aibu. Gan-nan akaingia kanisani anachechemea, amejitanda shali, na ndani ya koti lake mkia wa samaki ukichungulia kwenye ukosi. Mchungaji Eom aliuona akageuka kurekebisha taa ambayo haikuwa na tatizo. Gan-nan akaketi karibu na Bok-sun, akamsukumia samaki chini ya benchi. "Shika mali yako," akanong'ona.

Sala zikaanza, kanisa likanguruma. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Bok-sun alifunga mdomo wakati wa sala, kwa sababu alitaka kusikia. Alitaka kujua huyu mtu anamwambia nini Mungu hata anapendwa hivi. Akainamisha kichwa mpaka shali zao zikagusana.

"Mimi ni Gan-nan," wifi yake alikuwa akisema, kama anayejitambulisha dukani. "Si mtu wa kuja-kuja, unanijua. Nimerudisha samaki. Sasa huyu hapa pembeni, wa upande wa jua, mpe baridi yake. Baridi ya zamani ile. Wangu waache. Ni hilo tu."

Muda si muda akaanza kukoroma.

Bok-sun alibaki amepiga magoti. Alitafuta sala yake akakuta imechukuliwa, imesemwa tayari na mtu mwingine, kwa ufupi, bila kulia. Yeye asingeweza kusema vile. Alikuwa amesali alfajiri baada ya alfajiri na hakuwahi hata mara moja kumwombea wifi yake kitu kizuri.

Walipotoka, mvua ilikuwa imekoma kusikika. Watu walisimama barazani wamejikunyata, wakinyoosha mikono. Theluji ilikuwa inaanguka, kubwa, kavu, na upepo ulishageuka, unavuma kutoka kaskazini. Viatu vilivyoachwa nje vilikuwa vimeshaganda pale pale.

"Mama Mi-ran!" Mchungaji Eom alisema, macho yamemtoka. "Mara moja tu, na Mungu amesikia! Sasa itabidi uje kila siku!"

"Aka! Nimesinzia tu, Mchungaji."

Wote wakacheka na kumshika mikono. Bok-sun alisimama pembeni, samaki chini ya koti, na wivu alioupata pale ulikuwa mkali kuliko wa misimu mitatu yote. Mara moja tu! Kwa kukoroma! Na kwa ajili yake, jambo ambalo lilimzuia hata kukasirika sawasawa. Je, theluji ile ilitoka kwenye sala, au ilikuwa njiani tangu jana kutoka huko inakotoka? Hajui, na sisi hatujui. Anachojua ni alichosikia.

Baridi ile haikulegea tena mpaka masika. Iligandisha na kugandisha, kama enzi za Mzee Do. Upande wa jua, jua lilikuwa na nguvu ya kulegeza kidogo tu mchana, na hicho ndicho samaki walichohitaji. Waliposhushwa walikuwa dhahabu kutoka kichwa hadi mkia, wamevimba, laini, ukipasua nyama inachambuka kama pamba. Gi-cheol alimpigia simu yule jamaa wa mjini akamwambia atafute mahali pengine pa kutazamia theluji. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko peke yake kidogo, na mama yake hakumfuata.

Upande wa kivuli, kila kitu kiliganda na hakikulegea hata siku moja. Samaki wa Gan-nan walilowa mvua, wakakamatwa na baridi, wakatoka weupe kama karatasi, wote, kama zamani.

Bok-sun alivuka kijito amemshika yule samaki mzee mwenye uzi. Alimkuta wifi yake katikati ya weupe wake, ameegemea fimbo.

"Umekuja kunicheka?" Gan-nan aliuliza.

"Nimekuletea hiki."

"Wewe! Mzee wa kanisa unanipa hirizi?"

"Nakupa samaki. Washa moto."

Wakamkata uzi, wakamponda kwa rungu mpaka akalainika, wakamchemsha na figili na yai. Alikuwa na ladha ya stoo na koti kuukuu. Walimla mpaka mwisho, Gan-nan akilalamika chumvi haitoshi, Bok-sun akimwambia afunge mdomo.

"Uliomba wako waachwe," Bok-sun alisema hatimaye, macho kwenye bakuli. "Nilisikia."

"Ulikuwa unasikiliza sala ya mtu?"

"Nilisikia. Na wameachwa kweli. Hujuti?"

Gan-nan alikunywa mchuzi uliobaki. "Nimekula weupe ujana wangu wote, wifi. Mwaka mmoja tena utanifanya nini?"

Hapo ndipo Bok-sun alipojua kwamba wivu wake ulikuwa umehama. Haukuwa tena kwenye vichanja. Dhahabu alikuwa nayo, imejaa stoo mpaka dari. Alichomwonea wifi yake wivu sasa ni ile sentensi, *wangu waache*, na jinsi ilivyomtoka kirahisi.

Akaanza kuifanyia mazoezi. Masika yote, kiangazi chote, vuli nzima, alikwenda kanisani alfajiri akiwa ameipanga kichwani, amwombee Gan-nan peke yake, bila kujitia mwenyewe. Alianza vizuri. "Bwana, yule wa ng'ambo, wa kivulini..." Na kila alipofika mwisho, mdomo wake wenyewe uliongeza: "Na wangu pia." Alijikasirikia. Akaanza upya, na ikatoka tena, na wangu pia, kama kwikwi.

Baridi mpya ilipoingia, lori likaja, samaki wakaoshwa, wakafungwa, wakatundikwa pande zote mbili. Asubuhi ya kwanza baada ya kutundika Bok-sun alipiga magoti katikati ya kelele. Hakuna aliyejua mwaka huo ungekuwa wa jua au wa kivuli. Akavuta pumzi.

"Bwana, mpe wifi yangu dhahabu," akasema, na akanyanyuka mbio, akatoka nje bila hata kuvaa kiatu kimoja vizuri, kabla mdomo haujaongeza.